Mwaka Yaya Esta Aliposhikishwa Glasi

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya Yaya Esta kule Columbus, nilimkatiza mhubiri. Ukumbi ulikuwa umejaa, wanawake wa kwetu wamekaa upande mmoja na vitenge vyao vya msiba, wanaume upande mwingine, na mhubiri, kijana mpole ambaye hakuwahi kumjua marehemu vizuri, alikuwa anasoma karatasi aliyopewa na wazee wa kanisa waliotoka Louisville. Akasoma kwamba dada yetu Esta aliwahi kuteleza, akanywa pombe, kisha akatubu na Mungu akampokea. Nilijikuta nimesimama. Nikasema, “Hakunywa. Na hakutubu.” Mume wangu alinivuta sketi. Mhubiri alinitazama kama mtu aliyesikia sahani ikianguka jikoni, akasema, “Asante mama, keti tu, ni uchungu.” Nikaketi. Lakini haukuwa uchungu. Ilikuwa hasira, hasira iliyokaa ndani yangu miaka kumi na saba, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe. Kwa kuwa pale hawakunipa nafasi, naandika hapa mambo yalivyokuwa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tulikaa watatu katika nyumba ya kupanga mtaa wa Beechmont, Louisville: mimi, Riziki aliyekuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, na Yaya Esta. Tulimwita Yaya kwa sababu kwetu Kivu ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwetu sisi alikuwa mama, mpishi na hakimu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko ambalo dirisha lake lilitazamana na kituo cha basi, kwa hiyo asubuhi tulikunywa chai tumesimama, macho dirishani, na basi likionekana tu kwa mbali vikombe vinaachwa mezani. Jioni Yaya alisonga bugali kwenye sufuria pana ambayo chini ilikuwa imeungua, akatupikia sombe ya majani ya muhogo au maharage, na tulipokula alikuwa anatuuliza kila mmoja alivyotendewa kazini siku hiyo. Si kazi ilikwendaje. Alivyotendewa. Mimi na Riziki tulikuwa katika ghala la viatu, tukifunga maboksi. Yeye alikuwa anatunza wazee katika nyumba moja ya wagonjwa, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani.

Kati ya wazee hao alikuwamo mmoja aliyeitwa Walta, mzungu mrefu aliyebaki mifupa, ambaye ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha bia huko Buffalo. Wauguzi wengine walimwona mkorofi kwa sababu alikuwa anarusha kijiko. Yaya Esta aligundua kwamba ukimuuliza habari ya bia, anatulia. Kiingereza chake Yaya kilikuwa kidogo wakati ule, lakini bia aliijua. Katika kambi ya wakimbizi, kabla ya kubatizwa, alikuwa anatengeneza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na watu walitembea kutoka upande wa pili wa kambi kwenda kuinunua kwake. Alipobatizwa aliacha, na kwa miaka kumi hakuionja wala kuigusa. Lakini kuacha kitu si kusahau ujuzi wake. Kwa hiyo mzee wa Buffalo na mama wa Kivu walikuwa wanakaa asubuhi, mmoja akiwa kwenye beseni la kuogea, wakielezana kwa mikono jinsi povu linavyotakiwa kuonekana siku ya pili. Yaya alikuwa anarudi nyumbani anacheka. “Mzee Walta anasema bao pia banasikiliza sauti ya pipa,” alituambia kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye “ba” badala ya “wa”. “Njo vile vile sisi!”

Walta alifariki majira ya baridi. Siku chache baadaye binti yake, mama mmoja anayeitwa Pegi, alikuja pale kazini na bahasha. Ndani kulikuwa na tikiti tatu za kutembezwa katika kiwanda kidogo cha bia huko Black Rock, Buffalo, jirani na kile alichofanyia kazi baba yake, ambacho kilikwisha kufungwa zamani. Ziara ya watu wachache, kiongozi akiwaeleza kila kitu, na mwishoni kuonja. Pegi alimwambia Yaya kwamba baba yake angependa aende mtu anayeelewa. Yaya alirudi na bahasha hiyo akaiweka katikati ya meza, na hatukula mpaka tumejadili. Riziki alitaka kwenda mara moja. Shangazi yake alikuwa anakaa Lower West Side, Buffalo, na sote watatu tulikuwa na wiki ya likizo, ya kwanza tangu tufike Amerika. Mimi niliuliza, “Na kanisani?” Yaya alizigeuza tikiti mkononi. Kisha akasema, “Kutembea kiwanda haiko dhambi. Na bon, mi nitaonja kidogo. Kidogo tu, juu ya Mzee Walta. Mungu anamujua Walta.” Nayataja maneno hayo kwa sababu sitaki kumfanya malaika. Alikusudia kuonja, na alituambia wazi.

Tulikwenda kwa gari la Riziki, tukalala Columbus kwa mpwa wake Yaya, kesho yake tukafika Buffalo. Nakumbuka nyumba ya shangazi yake Riziki kuliko ninavyoikumbuka ile niliyoolewa. Ngazi nyembamba, viatu vya watoto vimejaa mlangoni, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, zikikaangwa na nyanya. Shangazi aliongea Kiswahili, watoto wakajibu Kiingereza, naye akaendelea na Kiswahili kama hakusikia. Tulipomwambia tunakwenda kutembelea kiwanda cha bia, alicheka hadi akashika ukuta. “Mumetoka Kongo, mumepita kambi, mumefika Amerika, mujifunze pombe?” Yaya naye akacheka. “Donc, nakwenda kuangalia kama banajua.” Asubuhi alivaa kitenge chake kizuri cha bluu na kilemba chake, akajipaka mafuta. Alijiandaa kama mtu anayekwenda kumwakilisha marehemu.

Tulikuwa watu tisa: wanandoa wawili wa makamo, mama mmoja mwenye miwani ya jua juu ya kichwa ingawa mvua ilikuwa inanyunyiza, wanaume wawili marafiki, na sisi watatu, pamoja na kijana mmoja mrefu sana aliyekuwa peke yake. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kiongozi alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mchangamfu, anacheka na kila mtu. Alisimama mlangoni kukagua vitambulisho. Vya wenzetu alivitazama jinsi mtu anavyotazama saa. Vyetu alivichukua vyote vitatu, akavipanga mkononi kama karata, akavigeuza, akavikwangua kwa ukucha.

“Nyote mmezaliwa tarehe moja Januari?” aliuliza.

Nikamweleza. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Nikamwambia kwamba sisi ni wakimbizi, kwamba kambini karani aliandikisha watu wengi ambao vyeti vyao viliungua au havikuwahi kuwepo, na kwamba kila asiyejua tarehe aliandikiwa Januari mosi. Wapo maelfu, nikasema. Kanisa letu zima siku ya mwaka mpya tungeweza kukata keki moja. Nilijaribu kutabasamu. Yeye hakutabasamu tena.

“Watu watatu, kundi moja, tarehe moja,” alisema. “Samahani. Lazima nimpigie meneja.”

Wengine waliingia ndani, sisi tukabaki kwenye mvua. Yaya Esta aliniuliza, “Anasema nini?” Nikamwambia anafikiri vitambulisho ni vya uongo. Akafungua kilemba chake pale pale barabarani, mbele ya magari, akainamisha kichwa ili kijana aone mvi zake. “Mwambie aangalie. Mi naonekana mtoto?” Nikatafsiri. Kijana akatazama pembeni, uso umemwiva, akasema ni sheria. Mpaka leo najiuliza ni sheria gani. Sheria inauliza kama mtu ametimiza miaka ishirini na mmoja. Mwanamke wa karibu miaka arobaini amekuvulia kilemba mtaani, wewe unamwambia sheria! Hakuwa na shaka na umri wake. Alikuwa na shaka na sisi, tu. Na yule mama mwenye miwani akatoka nusu mlangoni akauliza tunaanza lini, maana tikiti yake ilisema saa tano.

Meneja alifika baada ya muda mrefu, akavitazama vitambulisho, akatoa hukumu: tunaweza kutembea na kundi, ila hatutaonja. Alisema kwa upole kabisa, kama anayetupa zawadi. Riziki alitaka tuondoke. Yaya alifunga kilemba chake upya, akakaza. “Tumeletwa na Walta,” akasema. “Tuingie.”

Na ndani, lazima niseme, kulikuwa kuzuri. Matangi ya chuma yanang'aa, joto la nafaka iliyochemshwa, harufu kama ya uji. Kiongozi aliuliza kama yupo aliyewahi kutengeneza pombe nyumbani. Wale marafiki wawili waliinua mikono. Nilipomtafsiria Yaya, naye akainua. Kiongozi akawaita wale wawili. Mmoja alieleza kwamba ana ndoo kwenye gereji yake tangu mwaka jana, na watu wakampigia makofi. Mkono wa Yaya ulikuwa bado uko juu. Nikauona ukikaa juu, ukakaa, halafu ukashuka polepole na kuanza kunyoosha kitenge, kana kwamba ndiyo kazi uliyoinuliwa kuifanya. Kijana akaendelea kutuambia kwamba bia ni kazi ya watawa wa Ulaya.

Lakini Yaya hakuwa amekuja kuhuzunika. Walipopitisha bakuli la kimea, ile shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, alitia punje chache mdomoni, akatafuna na kufumba macho. “Bamekausha na moto ndogo. Vizuri,” akanong'ona. Kisha, nyuma ya kundi, akatupa mimi na Riziki somo lake mwenyewe: jinsi ndizi zinavyofukiwa shimoni mpaka ziive, jinsi zinavyokamuliwa kwa majani mpaka maji yatoke safi, jinsi mtama unavyokaangwa na kusagwa ili uamshe pombe, na jinsi usiku wa kwanza hutakiwi kufunua chombo hata ukisikia kinanguruma. Macho yalimwaka. Hakuwahi kutufundisha hayo nyumbani. Nilijua siku ile kwamba huyu mwanamke aliyekuwa anatuamsha tusichelewe basi alikuwa bingwa wa kitu, bingwa kweli, na kwamba katika chumba kile aliyejua kazi zaidi ya wote alikuwa amewekwa nyuma.

Kwenye meza ya kuonja waliwapangia wenzetu glasi ndogo nne nne. Sisi tukapewa soda ya tangawizi kwenye vikombe vya karatasi. Sawa. Tulikunywa. Mwishoni kiongozi akapiga makofi akasema wanapenda picha ya kundi zima kwa ukurasa wao wa mtandaoni. Akatupanga. Yaya, kwa kitenge chake cha bluu, akamweka mbele katikati. Kisha akatazama vikombe vyetu vya karatasi, akakunja uso, akatuondolea, na akatupa kila mmoja glasi kubwa iliyojaa bia.

Nilimuuliza, “Sasa tunaruhusiwa?”

“Ya picha tu,” alisema, tena kwa furaha. “Inueni juu!”

Tukainua. Alipiga picha tatu. Kisha akapita, akachukua glasi kutoka mikononi mwetu moja baada ya nyingine, na akamwaga bia kwenye sinki mbele ya macho yetu. Yaya Esta aliitazama mpaka povu la mwisho. Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani kwa shangazi, akasema, “Mzee Walta angetukana bale batu. Angebarushia kijiko.”

Kiwanda kiliitoa picha. Riziki, ambaye alikuwa amepata kazi Buffalo na kubaki kwa shangazi yake, sisi wawili tukarudi kwa basi, aliisambaza kwa fahari, kwa sababu Yaya alikuwa amependeza. Ndani ya siku mbili ilikuwa kwenye simu za kanisa letu lote Louisville. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya yule kijana mrefu, ilionekana pembe ya kilemba changu tu. Riziki alikuwa mbali, Buffalo. Akabaki Yaya, katikati, ameinua glasi.

Jumamosi moja mchana niliitwa nyumbani kwa Mzee Samweli, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alikuwa pia baba yake Daudi, mchumba wangu. Arusi ilibakiza miezi mitatu na ilikuwa imekwisha kutangazwa. Niliwekwa jikoni na mama mkwe wangu mtarajiwa nisubiri, nikimsaidia kupanga mandazi kwenye sahani, na kupitia mlango niliwasikia wazee sebuleni, kwenye makochi yao yenye plastiki.

“Tangu kambini tunamujua,” mmoja alisema. “Pombe iko mu damu yake.”

“Na anaishi na mabinti,” akasema mwingine. “Anabafundisha nini?”

Mama mkwe alinitazama, akaongeza sukari kwenye birika. Kisha nikaitwa. Mzee Samweli hakuwa mtu mkali. Alinikalisha karibu naye, akanionyesha simu. “Binti yangu, wewe ulikuwa kule. Ile kitu iko mu glasi, ilikuwa nini?”

“Ilikuwa bia, baba.”

“Bon,” akasema. “Aksanti. Ni hiyo tu.”

Hiyo tu. Nilijibu swali nililoulizwa, na lilikuwa jibu la kweli, na nimeishi nalo kama uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Ilitakiwa nifungue mdomo mara ya pili. Sentensi moja: walimnyang'anya kabla hajaionja. Sikuisema, kwa kuwa swali lililofuata lingekuwa juu yangu mimi, nilikuwa wapi, nilishika nini, na nilimwona Daudi amesimama uani akiosha gari la baba yake. Nilichukua andazi nililopewa nikatoka. Jioni hiyo Yaya aliniuliza swali lake la kila siku, sasa tukiwa wawili tu mezani: nimetendewa vipi leo? Nikasema vizuri.

Watu huniambia nilikuwa mdogo. Hata yeye aliniambia hivyo. Miaka saba baadaye nilikwenda Columbus, ambako alikuwa amehamia na kufanya kazi katika ghala, na nikampigia magoti sebuleni kwake. Aliniinua, akasema, “Sifa, ulikuwa mtoto,” akaniwekea chakula, akataka habari za wanangu. Nilikula nikilia. Lakini miaka ishirini na mitatu si utoto. Yeye katika umri huo alikuwa amekwisha kuvuka ziwa na watoto wa dada yake mgongoni. Alinisamehe, lakini mimi sijamsamehe yule kijana mwenye ndevu wala Mzee Samweli, ambaye sasa ni babu wa watoto wangu na ambaye ninampikia sikukuu. Mmoja alimnyima kinywaji kwa kumdhania mwongo. Mwingine akamwadhibu kwa kukinywa. Na wote wawili walikuwa watu wapole, wenye tabasamu, wenye utaratibu wao. Nitakasirika mpaka lini sijui.

Jumapili iliyofuata baada ya ule mkutano wazee walimwita Yaya mbele. Adhabu ilikuwa imeandikwa: miezi sita kiti cha nyuma, hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, baada ya kukiri mbele ya watu wote. Yaya ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, na alikuwa bado amevaa sare ya kwaya kwa sababu hakuna aliyemwonya. Mzee Samweli alimwambia akiri kwamba alikunywa.

“Sikukunywa,” alisema Yaya. “Nilikuwa nataka kuonja. Njo ukweli, nilitaka. Balinikatalia, balisema mi mwongo. Balinipa glasi ya picha, bakainyang'anya.”

Kanisa likaguna. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mzee Samweli akasema, taratibu, kwamba kutaka ni dhambi pia, na je, yupo shahidi wa hayo mengine?

Yaya hakunitaja. Hakugeuza hata shingo upande wangu, ingawa nilikuwa hatua nne kutoka kwake, mstari wa pili wa kwaya. Alingoja. Nadhani alihesabu pumzi. Mimi nilikuwa natazama karatasi ya wimbo, na maneno yote yalikuwa yamegeuka madoa.

“Bon,” akasema hatimaye. “Kama kutaka ni dhambi, tukae sote kiti ya nyuma.” Akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, pindo kwa pindo, kama nguo ya mtu mwingine, akaliweka juu ya meza mbele ya Mzee Samweli. Akapita katikati ya viti na kutoka. Mlango ulijifunga wenyewe, polepole, na kupitia kioo chake tulimwona anavuka uwanja wa magari kwenda kituoni.

Mwalimu wa kwaya akainua mkono. Sauti ya kwanza haikuwa na kiongozi, akatutazama mmoja mmoja, akaninyooshea kidole mimi. Nikasogea mbele, kwenye nafasi yake, nikaimba.